Maneno Yaliyoligawa Jiji: Kanuni za Ujenzi za Dar es Salaam tangu 1891

Mtu akitoka Samora, akakata mitaa ya Kisutu, akavuka Barabara ya Bibi Titi Mohamed na kupita Mnazi Mmoja hadi Lumumba, atakuwa ametembea robo saa tu kabla hajaingia Kariakoo. Ndani ya robo saa hiyo amevuka kanda tatu za ujenzi na uwanja mmoja ulioachwa wazi kwa makusudi. Hakuna ukuta wala lango njiani. Mipaka ya kanda hizo iliwekwa na karatasi za serikali, hasa ule ukurasa wa mwanzo ambao watu wengi huuruka, ukurasa wa tafsiri ya maneno. Humo ndimo ilimoandikwa nyumba ni nini, kibanda ni nini, na kipi kijengwe wapi.

Mji ulipoanza haukuwa na ukurasa wa namna hiyo. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kuujenga miaka ya 1860 kando ya kijiji cha Mzizima, akafariki mwaka 1870 kazi ikiwa haijakamilika, na mji ukadorora. Wajerumani waliingia mwaka 1887. Mwaka 1891 wakahamisha makao makuu ya koloni kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam, na mwaka huohuo wakatoa amri ya ujenzi. Amri hiyo iliugawa mji sehemu tatu. Upande wa mashariki, karibu na bahari na bandari, zilitakiwa nyumba za mtindo wa Ulaya peke yake. Sehemu ya pili ilitakiwa majengo imara ya mawe. Sehemu ya tatu, upande wa magharibi, vibanda vya wenyeji viliruhusiwa.

Jinsi amri ilivyoandikwa, ilizungumzia kuta na paa. Lakini ni nani mjini mwaka 1891 aliyekuwa na uwezo wa kujenga nyumba ya Kizungu, yenye veranda pana na bustani pande zote? Na ni nani aliyekuwa na miti, fito, udongo na makuti tu? Aliyeandika sifa za jengo alikuwa amekwisha kumchagua mkazi wake.

Mwishoni mwa utawala wao Wajerumani walitaka kwenda mbali zaidi. Elimu ya malaria ilikuwa mpya. Mtaalamu wa vijidudu Robert Koch mwenyewe alifanya utafiti Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898, na madaktari wa kikoloni kote Afrika walianza kudai kwamba Mzungu akae mbali na nyumba za Waafrika ili mbu wasimletee vimelea vya ugonjwa. Serikali ikanunua ardhi ya shamba moja la walowezi upande wa magharibi wa mji, ikapima mitaa iliyonyooka, ikakusudia kuwahamishia huko Waafrika wote, na kati yao na wengine paachwe uwanja mtupu. Vita ya Kwanza ya Dunia ikaukatiza mpango huo. Waingereza waliuteka mji Septemba 1916, wakalitumia eneo lile lililopimwa kuwa kambi ya wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps. Maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki walikokotwa kutoka makwao kubeba risasi na unga, na wengi hawakurudi. Kariakoo imechukua jina lake kwao.

Waingereza waliurithi mpango wa Wajerumani pamoja na ramani zake, ila walikuwa na tatizo ambalo Wajerumani hawakuwa nalo. Tanganyika haikuwa koloni lao moja kwa moja. Walikabidhiwa na Umoja wa Mataifa wa wakati ule kwa udhamini, na masharti ya udhamini yaliwakataza kuwabagua raia wa nchi wanachama. India ilikuwa nchi mwanachama. Hivyo sheria isingeweza kutamka waziwazi kwamba Mhindi asijenge karibu na Mzungu. Kanuni za miji za miaka ya 1920 zikapata njia ya kuzunguka: Kanda ya Kwanza ni ya majengo ya makazi ya aina ya Ulaya, Kanda ya Pili ni ya makazi na biashara, Kanda ya Tatu ni makazi ya wenyeji. Mhindi tajiri angeweza kujenga Kanda ya Kwanza akitimiza masharti yote ya jengo, na wachache walifanya hivyo. Kwa Mwafrika masharti hayohayo yalikuwa kama ukuta wa zege.

Wakazi hawakudanganyika. Wao walizipa kanda majina yake ya kweli: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Majina haya matatu hayakuwahi kupigwa muhuri na ofisi yoyote, lakini yaliielezea kanuni kwa ukweli kuliko kanuni yenyewe ilivyojieleza.

Mnazi Mmoja ndio ule uwanja mtupu. Ulipatikana kwa kuwahamisha watu na kubomoa vibanda kidogo kidogo, ukaachwa katikati ya Uhindini na Kariakoo kama eneo la wazi. Kwa lugha ya leo neno hilo ni zuri: mahali pa watoto kucheza na wazee kupunga upepo. Kwa lugha ya mpimaji wa wakati ule eneo la wazi lilikuwa umbali, hatua za kuwatenganisha watu na watu. Historia ikalipa neno hilo maana nyingine. Chama cha TANU kilipoanzishwa mwaka 1954, ofisi yake ilikuwa pale New Street, mtaa unaoitwa Lumumba sasa, ukingoni mwa uwanja huohuo uliotengwa ili Waafrika wabaki upande wao.

Na upande wao waliishije? Nyumba ya Kariakoo ya miaka ya 1930 inafaa kutazamwa kwa karibu, maana ndiyo iliyozitoa jasho kanuni kwa miaka mingi. Mbele kuna baraza, ya udongo au ya saruji, pa kukaa jioni na kuuzia vitumbua asubuhi. Mlango uko katikati. Ukiingia unakuta ukumbi mrefu unaokwenda moja kwa moja hadi nyuma, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto. Nyuma kuna uani penye jiko, bafu na choo cha shimo. Kuta ni miti na fito zilizokandikwa udongo, pengine zikapakwa chokaa. Paa ni makuti, au madebe ya mafuta ya taa yaliyofunuliwa na kunyooshwa, na mwenyewe akijaliwa ataweka mabati. Mwenye nyumba, na baadhi yao walikuwa wanawake, alikaa chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki. Nyumba moja ilibeba familia nne, tano, sita. Ilikuwa makazi, ilikuwa biashara, ilikuwa pensheni ya mama mjane, yote chini ya paa moja.

Kanuni hazikuwa na neno la kitu hicho. Kwa macho yake nyumba ni ya kaya moja, duka ni duka, na jiko la biashara ni jambo jingine kabisa linalotaka leseni nyingine. Kwa hiyo nyumba ya Kiswahili iliandikwa kibanda, na kiwanja chake hakikuwa mali ya mwenye nyumba. Alikilipia serikali kodi ya kiwanja, ilhali jirani yake wa Uzunguni alikuwa na hati ya miaka mingi mkononi. Wa kwanza hangeweza kukopa benki kwa kiwanja chake. Wa pili aliweza. Tofauti ya kipato iliyokuja kuonekana baadaye kati ya mitaa hiyo ilianzia kwenye tafsiri hiyo.

Zanzibar kulikuwa na mkasa wa aina hiyohiyo. Mji Mkongwe ulihesabiwa wa mawe na Ng'ambo ukahesabiwa wa vibanda, ingawa Ng'ambo kulikuwa na nyumba za mawe pia. Wakazi wa Ng'ambo walimiliki nyumba zao lakini ardhi chini ya nyumba ilikuwa ya wengine, na kodi ya ardhi hiyo ilipopandishwa, mwaka 1928 waligoma kuilipa.

Baada ya Vita ya Pili ya Dunia maneno kama wenyeji na aina ya Ulaya yakaanza kuwakera hata walioyatunga. Kampuni ya wahandisi ya Sir Alexander Gibb ilipotoa mpango kabambe wa Dar es Salaam mwaka 1949, istilahi zilikuwa zimebadilika. Mji uligawanywa kwa msongamano: maeneo ya ujazo mdogo, ujazo wa kati na ujazo mkubwa, na kati yake mikanda ya kijani ya kupitisha upepo wa bahari. Ni maneno ya hesabu, hayana rangi ya ngozi. Lakini ukiiweka ramani ya 1949 juu ya ile ya zamani, ujazo mdogo unaangukia Oyster Bay na pwani ya Wazungu, ujazo wa kati unaangukia kwa Wahindi, na ujazo mkubwa unaangukia Kariakoo, Ilala, Magomeni na Temeke.

Maneno haya yana maisha marefu kuliko wakoloni walioyaleta. Uhuru ulipatikana Desemba 1961, majina ya mitaa yakabadilishwa, na ile barabara ambayo Wajerumani waliiita Unter den Akazien, Waingereza wakaiita Acacia Avenue, ikawa Independence na hatimaye Samora. Ujazo ukabaki ulivyo. Viwango vya mipango miji vya mwaka 1997 vilisema kiwanja cha ujazo mkubwa kiwe na mita za mraba 400 hadi 800, cha ujazo wa kati 801 hadi 1,600, na zaidi ya hapo ni ujazo mdogo. Hadi leo dalali anayeuza kiwanja anaanza na swali la ujazo, na mnunuzi anaelewa mara moja bei itakavyokuwa, lami itafika lini, na jirani atakuwa mtu wa namna gani.

Neno jingine lililorithiwa ni uendelezaji. Sheria ya Mipango ya Miji na Vijiji ya mwaka 1956 ilitunga tafsiri yake kwa mfano wa sheria ya Uingereza ya 1947: uendelezaji ni kufanya ujenzi, kazi za kihandisi, uchimbaji au shughuli nyingine juu ya ardhi, ndani yake au chini yake, na pia kubadili kwa kiasi kikubwa matumizi ya ardhi au jengo. Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya mwaka 2007 ilichukua nafasi ya ile ya 1956 na tafsiri hiyo ikaendelea kuishi humo. Nusu yake ya pili ndiyo inayowakuta watu bila kujua. Mtu anadhani kuendeleza ni kujenga, kumbe akifungua baa kwenye nyumba ya kuishi amekwisha kuendeleza ingawa hajagusa tofali. Ndiyo maana ya yale matangazo ya kusudio la kubadili matumizi ya ardhi: mwenye kiwanja anatakiwa aeleze hadharani anachotaka kufanya ili jirani mwenye pingamizi alitoe.

Serikali ya uhuru nayo ilitunga tafsiri zake, na moja iliubadilisha mji kwa usiku mmoja. Aprili 1971 Bunge lilipitisha sheria ya kutaifisha majengo. Aliyeguswa ni mwenye jengo lenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambalo hakulikalia mwenyewe bali alilipangisha. Sheria haikutaja asili ya mtu yeyote. Lakini majengo ya kupangisha yenye thamani hiyo yalikuwa mengi Uhindini, kwa sababu kanuni za miaka ya 1920 ndizo zilizowaweka Wahindi kwenye kanda ya makazi na biashara. Majengo yakaingia mikononi mwa Msajili wa Majumba, jina ambalo wazee wa mjini wanalikumbuka hadi leo, na familia nyingi zikaondoka nchini.

Wakati huohuo Manzese ilikuwa inakua, na Keko, na Buguruni, bila kusubiri mpimaji. Sensa ya 1967 ilihesabu watu 272,821 Dar es Salaam; ile ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Viwanja vilivyopimwa havikuweza kuifuata kasi hiyo hata kidogo. Kwa miaka kadhaa baada ya uhuru, kupitia Shirika la Nyumba la Taifa lililoundwa 1962, serikali ilibomoa nyumba za udongo Kariakoo na Magomeni na kujenga za matofali mahali pake. Gharama ilikuwa kubwa, na kila nyumba mpya ilikuja badala ya ile iliyobomolewa, kwa hiyo upungufu ulibaki palepale. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 siasa ikageuka. Kwa fedha za Benki ya Dunia vikapimwa viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na Manzese, badala ya kuvunjwa, ikaingiziwa barabara na maji.

Hatua hiyo ilikuwa kubwa kuliko inavyokumbukwa. Mkazi wa Manzese alikuwa mvamizi kwenye karatasi. Baada ya hatua hiyo akawa mkazi wa eneo lisilopangwa, na hatimaye mtu wa kurasimishwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 1, 2001, iliweka leseni ya makazi kwa aliyejenga mjini bila hati. Ni haki ya muda mfupi, hailingani na hati ya miaka 33, 66 au 99, lakini ilikuwa mara ya kwanza kwa sheria ya jiji hili kuwatambua mamia ya maelfu ya watu hao pale walipo.

Ila leseni hiyo haitolewi kwa aliye kwenye ardhi hatarishi, na hapo tafsiri nyingine inaingia. Sheria inataja mabwawa ya mikoko, matumbawe, maeneo ya kutupia taka zenye sumu, miteremko mikali, na ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe. Sheria ya Mazingira ya 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 hizo. Desemba 2015 mabuldoza yaliposhuka Bonde la Msimbazi, watu wa Mkwajuni na Jangwani waligundua thamani ya neno ukingo. Ukingo wa mto unaohama kila masika uko wapi? Wengine walijenga mto ukiwa mbali, maji yakawafuata. Kuondoka bondeni ni jambo la busara, mafuriko ya jiji hili yameua watu. Lakini mtu anayeambiwa ahame ana haki ya kujua mita zinahesabiwa kuanzia wapi.

Mfano mwingine uko barabarani. Kwa sheria ya barabara iliyotoka mwaka 1932, hifadhi ya barabara kuu ilikuwa mita 22.5 kila upande kuanzia katikati. Sheria ya Barabara Na. 13 ya 2007 ikaifanya mita 30. Mita 7.5 za nyongeza zilikuwa na nyumba, maduka, misikiti na makanisa. Maofisa wa barabara wakapita na rangi mbili. X nyekundu ukutani ilimaanisha umeifuata barabara, uondoke bila fidia. X ya kijani ilimaanisha barabara imekufuata, utalipwa. Nyumba mbili zinazotazamana, zimejengwa mwaka mmoja na fundi mmoja, zilitofautishwa na futi ya mpimaji. Kisha kuna Kimara hadi Kiluvya, kwenye Barabara ya Morogoro, ambako hifadhi ilihesabiwa mita 121.5 kila upande, na mwaka 2017 nyumba zikavunjwa kupisha upanuzi. Wapo waliokuwa na umeme, maji na risiti za kodi ya majengo. Waliona kwamba serikali iliyopokea kodi yao imekwisha kuwatambua. Hifadhi ya barabara haikujali risiti.

Tafsiri zinazogongana ni hatari kuliko zote. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji zilitungwa pamoja mwaka 1999, baada ya Tume ya Rais iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji kuzunguka nchi nzima kusikiliza wananchi. Zote zinaigawa ardhi katika makundi matatu: ya jumla, ya vijiji na ya hifadhi. Lakini Sheria ya Ardhi, inapoitafsiri ardhi ya jumla, inaongeza kwamba ni pamoja na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Vijiji haina nyongeza hiyo. Malisho yanayopumzishwa kusubiri mvua, shamba lililoachwa lirudishe rutuba, msitu wa matambiko: je, vinatumika au havitumiki? Kijiji cha pembezoni mwa jiji kinachomezwa na mji, kama vilivyomezwa vingi upande wa Kibaha na Mkuranga, kinaweza kupoteza ardhi yake kwa maneno hayo machache.

Wale waliojenga Kariakoo kwa miti na udongo miaka ya 1920 hawakupewa kanuni za ujenzi kwa lugha yao. Kwa muda mrefu hata watoto na wajukuu wao walisomewa kwa Kiingereza sheria zinazohusu sebule zao. Mwaka 2021 Bunge lilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania, na kazi ya kuzitafsiri sheria zilizopo ikaanza. Kisingizio cha lugha kinaondoka, na wajibu unarudi kwa wananchi na kwa maofisa wao. Kabla hujamlipa dalali, kabla mjumbe na serikali ya mtaa hawajashuhudia mkataba, nenda ofisi ya mipango miji ya halmashauri yako. Omba uoneshwe mchoro wa eneo. Uliza kiwanja hicho kimeandikwa ni cha matumizi gani na ujazo gani, hifadhi ya barabara inaishia wapi, na mita 60 za mto zinaanzia kwenye jiwe gani. Ukijibiwa kwa mdomo, omba maandishi.